Uliza Fundi: Folda inachelewa kufunguka, Explorer inamngoja nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kitu kimoja, Windows Explorer kwenye kompyuta za zamani, yaani lile dirisha la mafolda ambalo unalifungua kutwa nzima. Wengi mko Windows 7, mmoja bado yuko XP. Nimewajibu pamoja sababu ukisoma jibu la mwenzako huenda na lako limo humo humo.

SWALI (Jinja): Fundi habari za kazi. Nina studio ndogo ya picha huku Jinja, tunapiga harusi, kwanjula, sherehe za kumaliza chuo. Laptop yangu ni Windows 7, RAM 2GB. Nikifungua folda ya picha za harusi ule mstari wa kijani kule juu unatambaa weee mpaka mteja aliyesimama pale anaanza kuangalia saa. Siku zingine dirisha linakuwa jeupe linaandika "Not Responding" au inatokea meseji kwamba "COM Surrogate" imeacha kufanya kazi. Kuna fundi huku town kaniambia dawa ni kufomati tu, na pesa anayotaka si kidogo. Nikubali?

JIBU: Dada, usikubali. Dalili zako zote nazifahamu na kufomati hakutibu, maana ukisharudisha picha zako kwenye diski folda ni ile ile na tabia itakuwa ile ile, ila sasa umelipa.

Niseme kwanza jambo ambalo litawasaidia wote mnaosoma hapa. Explorer ikichelewa, mara nyingi sana siyo kwamba imechoka, inasubiri. Kuna kitu imekiuliza na hicho kitu hakijajibu, na yenyewe haikuambii inamsubiri nani, wewe unaona tu mstari wa kijani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtafuta anayesubiriwa, kabla hujafuta kitu, kabla hujamlipa mtu.

Kwako wewe inasubiri picha zenyewe. Windows 7 ina mazoea ya kuchungulia ndani ya folda, ikikuta picha nyingi inaamua yenyewe kwamba hii ni folda ya picha, na folda ya namna hiyo inaonyeshwa na habari za ziada kama tarehe picha ilipopigwa, ukubwa wa picha, vitu kama hivyo. Sasa habari hizo haziko kwenye orodha ya majina ya faili, ziko ndani ya kila faili. Ili ikupangie folda yenye picha elfu mbili inabidi ifungue faili elfu mbili, moja moja, isome, ifunge, iende ya pili, alafu bado inatakiwa kuchora vile vipicha vidogo vya kuonyesha kila picha. Kwa diski ya kuzunguka ya laptop ya zamani hapo ndo muda wako wote unapotelea.

Fanya hivi. Nenda kwenye folda kubwa inayobeba kazi zako zote, bonyeza kulia kwa mausi, chagua "Properties", ingia tabu ya "Customize", pale palipoandikwa "Optimize this folder for" weka "General items", na chini yake utie tiki kwenye "Also apply this template to all subfolders", alafu OK. Hakuna picha inayoguswa, umebadilisha tu jinsi Explorer inavyoitazama folda. Kisha ndani ya folda weka mwonekano wa "Details" na upange kwa jina au kwa "Date modified", hizo mbili zinasomwa haraka kwa sababu diski tayari inazo kwenye orodha yake. Folda ya Downloads pia ifanyie hivyo hivyo, wengi wenu mnatupa humo picha, video, risiti, kila kitu kinachotoka WhatsApp, na ndo maana inafunguka kwa shida.

Vile vipicha vidogo usivizime moja kwa moja, kwa kazi yako unavihitaji mteja anapochagua. Shika Ctrl uzungushe gurudumu la mausi, vinakua na kupungua, ukizungusha zaidi unarudi kwenye orodha ya majina. Ukiwa unakopi au unapanga kazi baki kwenye majina, mteja akija ndo unapandisha. Na hapa kuna kosa nakutana nalo kwenye kompyuta nyingi sana: zile programu za kusafisha kompyuta, unaiwasha asubuhi inafuta "taka", na kati ya hizo taka ni vipicha ambavyo Windows 7 ilishavichora na kuvitunza kwenye mafaili yake ya thumbcache ili kesho isivichore upya. Ukivifuta kila siku unailazimisha kuanza moja kila siku. Hata ile "Disk Cleanup" ya Windows yenyewe ina kisanduku cha "Thumbnails", ukiitumia kitoe tiki.

Sasa COM Surrogate. Explorer ina ujanja mmoja mzuri, kazi ya kuchora vipicha inamwachia mfanyakazi wa pembeni, kwenye Task Manager utamwona kwa jina dllhost.exe, ili akikutana na faili bovu afe yeye na siyo dirisha lako. Kwa hiyo meseji hiyo ikija maana yake humo ndani kuna video au picha iliyoharibika, mara nyingi ni memori kadi ilichomolewa kabla kukopi hakujaisha, au umeweka furushi la kodeki za zamani, yaani vile vijiprogramu vya kusomea video, zinazogombana. Bonyeza Alt menyu itokee juu, ingia "Tools", "Folder options", tabu ya "View", tia tiki "Always show icons, never thumbnails". Folda itafunguka bila taabu. Hamisha nusu ya mafaili kwenye folda nyingine, toa ile tiki, fungua folda zote mbili uone ipi inaleta meseji, hiyo igawe tena nusu, utalifikia faili lenyewe haraka kuliko unavyodhani. Na yale mafurushi ya kodeki toa kwenye Control Panel, kicheza video cha VLC kinabeba kodeki zake ndani, hakiyahitaji.

Watu watakuambia pia uzime mapambo yote, bonyeza Start, andika sysdm.cpl, "Advanced", "Performance". Ni sawa, kompyuta inakuwa nyepesi kidogo kwenye kufungua na kufunga madirisha, ila ukichagua "Adjust for best performance" rudisha tiki tatu kwa mkono: maandishi laini, vipicha, na mtindo wa madirisha, la sivyo macho yatakuuma na folda yako haitafunguka haraka zaidi kwa sababu tu umeondoa rangi.

Ukifanya yote hayo na bado folda inaganda, hata folda yenye vitu vichache, basi anayesubiriwa ni diski yenyewe. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie. Ikiandika "Good" kwa bluu shukuru. Ikiwa "Caution" kwa njano, hasa kama mistari ya "Reallocated Sectors Count" au "Current Pending Sector Count" ina namba, acha kila kitu, kopi kazi za wateja leo leo, diski inakufa. Pesa ya kufomati iweke kwenye SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Windows 7 inaijua SSD na inaihudumia vizuri, na kwa mashine kama yako hakuna kitu kingine cha kununua kitakachokupa tofauti kubwa kama hiyo.

SWALI (Arua): Mimi ni sekretari wa shule huku Arua. Kila nikibonyeza "Computer" inakaa kama imelala, alafu baadaye inafunguka kawaida. Zamani tulikuwa tumeunganishwa na kompyuta ya headmaster lakini ile iliharibika ikatolewa. Ni virusi?

JIBU: Siyo virusi dada yangu, jibu umelitaja mwenyewe. Kompyuta ya headmaster ilitolewa lakini mashine yako haikuambiwa. Ukifungua "Computer" utaona kuna draivu ya netiweki yenye alama nyekundu ya X, labda inaitwa Z. Kila ukifungua, Explorer inapiga hodi kule, inasubiri muda wake wote wa kusubiri uishe, haijibiwi, ndo inakufungulia. Bonyeza kulia kwenye hiyo draivu chagua "Disconnect". Kama inarudi kila ukiwasha, fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike net use * /delete ukubali kwa Y, hiyo inatoa draivu zote za netiweki kwa mpigo mmoja, kwa hiyo hakikisha hakuna nyingine unayoitumia. Alafu angalia desktopu na ile sehemu ya "Favorites" kushoto, kama kuna shotikati zinazoelekea kompyuta ile ile futa nazo. Printa ya headmaster kama bado iko kwenye "Devices and Printers" itoe, ofisi nyingi zinasahau hiyo.

SWALI (Gulu): Mimi mwanafunzi. Shida yangu siyo kufungua folda, ni nikibonyeza kulia kwenye faili lolote ile menyu inachukua muda mrefu kutokea na ikitokea ina vitu vingi hata "Copy" siioni haraka. Nimeongeza RAM bado.

JIBU: RAM haikuwa na hatia. Menyu ya kubonyeza kulia haimilikiwi na Windows peke yake, kila programu unayoweka inaruhusiwa kujibandika humo, WinRAR inajibandika, antivairasi inajibandika, kicheza video, programu ya kadi ya picha, programu ya simu uliyowahi kuunganisha siku moja ukaisahau. Ukibonyeza kulia Explorer inaita kila mmoja, "una la kuongeza?", na mpaka wote wamejibu menyu haitokei. Akiwepo mmoja mzembe mnasubiri wote.

Pakua ShellExView ya NirSoft, ni ya bure, ndogo sana, haihitaji hata kuinstoli. Kama Windows yako ni ya 64-bit chukua ile ya 64-bit la sivyo hutaona orodha kamili. Panga kwa safu ya "Type" utafute zile za "Context Menu". Mistari yenye rangi ya waridi siyo ya Microsoft, hao ndo wageni. Wachague wote, bonyeza F7 kuwazima, kisha uanzishe Explorer upya: Ctrl+Shift+Esc, tabu ya "Processes", chagua explorer.exe, "End Process", desktopu itapotea usiogope, nenda "File", "New Task", andika explorer, inarudi. Jaribu kubonyeza kulia. Menyu ikiruka haraka, rudisha wageni mmoja mmoja kwa F8 mpaka umpate anayechelewesha, huyo mwache kazimwa. Kuzima siyo kufuta, programu yenyewe inaendelea kufanya kazi, imetolewa tu kwenye menyu. Ile mistari nyeupe ya Microsoft usiiguse.

Na ukitaka menyu fupi zaidi, 7-Zip na WinRAR zote mbili zina sehemu kwenye mipangilio yao ya kuchagua nini kionekane kwenye menyu, acha viwili vitatu unavyotumia kweli.

SWALI (Busia): Habari fundi. Nina steshenari karibu na mpaka, watu wanaleta fleshi kuprinti makaratasi ya mizigo na CV. Siku hizi kila fleshi ikiingia kwangu mafolda yanageuka shotikati, mteja anafungua nyumbani kwake anapiga simu kwamba nimemfutia kazi. Na kompyuta imekuwa slow hata kufungua folda tupu. Nimechoka kugombana na watu.

JIBU: Pole sana mama, kazi za watu hazijafutika, ziko ndani ya ile fleshi zimefichwa tu, waambie wasifomati. Hicho ni kirusi cha shotikati na biashara yako ndo mahali kinapopenda kwa sababu fleshi za mji mzima zinapita hapo. Kinafanya hivi: kinayaficha mafolda halisi, kinaweka shotikati yenye jina lile lile, mtu akiibonyeza kwanza inawasha skripti yake (faili dogo la amri) alafu ndo inamfungulia folda yake, kwa hiyo anaona kama hakuna kilichotokea. Na hiyo skripti inakaa macho kwenye kompyuta yako ikisubiri fleshi inayofuata, ndo maana hata folda tupu inafunguka kwa shida.

Anza na kompyuta, ukianza na fleshi utasafisha na itachafuka tena papo hapo. Chomoa fleshi zote. Ctrl+Shift+Esc, kwenye "Processes" ukiona wscript.exe na wewe hujafungua skripti yoyote, imalize. Alafu andika msconfig kwenye Start, tabu ya "Startup", soma ile safu ya "Command", ukiona kitu kinachoishia na .vbs au .vbe au .js kutoka kwenye AppData au Temp kitoe tiki, uende mpaka kwenye hiyo folda ufute faili lenyewe. Kisha pitisha antivairasi yenye apdeti za karibuni, kompyuta nzima, hata kama itachukua usiku.

Sasa fleshi. Ingiza, angalia herufi yake, tuseme E. Fungua cmd andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

subiri imalize, mafolda halisi yatatokea yakiwa na majina yao. Wakati mwingine utakuta yamewekwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ingia humo uyatoe. Alafu

del E:\*.lnk

inafuta zile shotikati za uongo. Amri hizo mbili ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani pale kaunta, kijana wako wa dukani ataweza.

Na kuna mipangilio ya Explorer ambayo kwa duka kama lako naiona ni lazima kabisa: kwenye "Folder options", "View", toa tiki kwenye "Hide extensions for known file types". Ukishaona mwisho wa jina la faili, CV inayoitwa cv.doc.exe haikudanganyi tena. Fleshi ya mteja usiifungue kwa ile "AutoPlay" inayoruka yenyewe, fungua kupitia "Computer", angalia kwanza, ndo ubonyeze.

SWALI (Bombo): Asalaam aleikum fundi. Mimi ni mzee mstaafu wa jeshi, niko Bombo, naweka hesabu za chama chetu cha akiba kwenye kompyuta, Windows 7. Nikibonyeza ile folda ya njano ya chini inanipeleka kwenye Libraries ambazo sizitumii. Zamani kwenye XP kulikuwa na kitufe cha kupanda folda moja juu, huku sikioni. Macho nayo siyo ya ujana. Mjukuu anasema ninunue Windows 11 sababu Explorer yake ina tabu kama za intaneti.

JIBU: Waaleikum salaam afande mzee wangu. Mashine yako inatosha, tuipange ikufuate wewe.

Ile ikoni ya njano: shika Shift, bonyeza kulia juu yake, "Properties". Kwenye "Target" pameandikwa %windir%\explorer.exe, weka nafasi moja alafu andika mahali folda ya chama ilipo, mfano

%windir%\explorer.exe D:\Chama

Kama jina la folda lina maneno mawili lizungushie alama za mtajo. OK, funga madirisha yote ya mafolda, bonyeza ikoni, utaingia moja kwa moja kwenye hesabu zako. Ukitaka "Computer" kama zamani kitufe cha Windows pamoja na E bado kinakupeleka huko. Na folda nyingine unazozitembelea kila wiki ziburute mpaka kwenye "Favorites" upande wa kushoto, hapo zinakaa kama njia za mkato tu, folda zenyewe hazihami.

Kupanda juu: kile kitufe walikitoa kweli, lakini Alt pamoja na mshale wa juu inapanda folda moja. Angalia Backspace, kwenye XP ilikuwa inapanda juu, kwenye Windows 7 inakurudisha ulikotoka, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa ukiwa umeruka kutoka folda moja ya mbali kwenda nyingine. Kama mkono umezoea kitufe na unakitaka, kuna Classic Shell ya Ivo Beltchev, inarudisha kitufe cha juu na mstari wa vitufe kama wa XP. Mwenyewe aliacha kuiendeleza mwishoni mwa 2017, wengine wakaichukua kwa jina la Open-Shell. Ukiiweka chagua sehemu ya Explorer peke yake kama hutaki ibadilishe menyu ya Start.

Macho: Control Panel, "Display", chagua "Medium" ya 125% utoke uingie tena, maandishi ya kompyuta nzima yanakua, siyo ya folda tu. Alafu kuna vitu viwili ambavyo wazee wengi wanavipenda nikiwaonyesha. Kwenye "Folder options", tabu ya kwanza, chagua "Single-click to open an item", huhitaji tena kubonyeza mara mbili haraka haraka. Na kwenye "View" tia tiki "Use check boxes to select items", kila faili linapata kisanduku chake, ukitaka kuchagua risiti tano hushiki Ctrl huku mausi inakuponyoka. Ukishapanga folda moja jinsi unavyoipenda, safu gani zionekane, zina upana gani, rudi hapo hapo kwenye "View" ubonyeze "Apply to Folders" na zingine za aina ile zitafuata.

Kuhusu tabu mjukuu hajakosea, Explorer ya Windows 11 ilipata tabu mwaka 2022. Lakini Windows 11 inataka RAM 4GB kwenda juu, TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za miaka ya karibuni, mashine ya wakati wa Windows 7 haiifikii. Ukizitamani tabu kuna Explorer++, ya bure, ndogo, unaifungua bila kuinstoli hata kutoka kwenye fleshi, na sura yake inafanana na Explorer uliyoizoea. Kuna watu wanapenda madirisha mawili ubavu kwa ubavu, hao Total Commander imewahudumia tangu 1993. Mimi kwako naona Windows na mshale wa kushoto kwa dirisha moja, Windows na mshale wa kulia kwa lingine, yanajigawia kioo nusu kwa nusu, unaburuta kutoka huku kwenda kule unaona kila kitu, na hujaongeza programu hata moja.

Jambo moja zito afande. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Hesabu za chama ziandike humo, hakuna tatizo, ila mambo ya benki na kuhamisha pesa yasipite kwenye hiyo mashine, na nakala ya hesabu ikae mahali pengine, kwa mweka hazina mwenzako au kwenye fleshi isiyotembea.

SWALI (Nasser Road, Kampala): Ssebo, sisi tunakata stika za magari na mabango, mashine ya kukatia inaongea na kompyuta ya XP tu kwa ile plagi ya zamani, hatuwezi kuibadilisha. My Computer inachelewa, na kukopi faili kidogo kompyuta yote inaganda hata mausi inaruka ruka.

JIBU: Hiyo ya pili ndo inayonigusa zaidi, mausi ikiruka wakati wa kukopi kwenye XP nashuku kitu kimoja. XP ikipata makosa sita ya kusoma diski ya IDE (zile za zamani za kebo pana), hata kama yalitokea miezi iliyopita umeme ulipocheza, inaishusha diski kutoka DMA, njia ya haraka ambayo data inapita bila kuisumbua prosesa, kwenda PIO, na ikishashusha haipandishi yenyewe. Kwenye PIO kila tone la data linabebwa na prosesa kwa mkono wake, ndo maana hata mausi inakosa nafasi. Ingia "Device Manager", "IDE ATA/ATAPI controllers", fungua "Primary IDE Channel", "Advanced Settings", soma "Current Transfer Mode". Ikiwa PIO kwa diski kuu, toa hiyo chaneli kwa "Uninstall", restati, XP inaitambua upya na DMA inarudi. Ikishuka tena baada ya siku chache badilisha ile kebo pana ya diski, na kama bado, diski inaelekea kufa, chukua nakala ya draiva na programu ya ile mashine ya kukatia kabla ya kitu kingine chochote, hizo siku hizi ni shida kuzipata.

My Computer kuchelewa: "Folder Options", "View", toa tiki "Automatically search for network folders and printers", na kwenye tabu ya kwanza chagua "Use Windows classic folders". Intaneti msiiunganishe, XP iliachwa tangu tarehe 8 Aprili 2014. Faili zije kwa fleshi, na hiyo fleshi muipitishe kwanza kwenye yale niliyomwandikia mama wa Busia.

SWALI (Kasese): Nakopi video za mahubiri kwenda fleshi za waumini, Explorer inakaa "Calculating" muda mrefu, alafu umeme ukikatika naanza upya yote. Na kuna video moja inakataa kabisa inasema ni kubwa na fleshi ni 16GB tupu!

JIBU: Hiyo moja inakataa sababu fleshi iko FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga mafaili, ambao faili moja haiwezi kufika 4GB hata fleshi iwe na nafasi kiasi gani. Kama itachezwa kwenye kompyuta ifomati kwa mitindo mipya ya exFAT au NTFS, kama itachezwa kwenye redio au TV ya zamani ikate video vipande viwili, vifaa hivyo vingi vinaelewa FAT32 tu.

Kwa kukopi achana na kuburuta. Windows 7 inakuja na robocopy, programu ya kukopi kwa amri, ndani yake. Fungua cmd:

robocopy D:\Mahubiri E:\Mahubiri /E /R:1 /W:1 /FFT

Haikai kuhesabu kwanza, inaanza kazi. Umeme ukikatika, ukirudi andika amri ile ile, mafaili yaliyokwisha kufika inayaruka, inaendelea na yaliyobaki. Ile /R:1 /W:1 usiiache, bila hiyo ikikutana na faili bovu inajaribu tena mara milioni moja na kila jaribio inapumzika sekunde 30. Na /FFT ni kwa ajili ya FAT32, saa za faili huko zinaandikwa kwa hatua za sekunde mbili, bila hiyo inaweza kudhani mafaili yamebadilika ikayakopi upya. Ukiona mtu kakuandikia /MIR usiitumie kwenye fleshi ya muumini, hiyo inafuta ndani ya folda unayokopia kila kitu ambacho hakiko kwako. Na kama umeme ulikatika fleshi ikiwa katikati ya kuandika, kabla ya kurudia piga chkdsk E: /f kwanza, inakagua fleshi na kurekebisha makosa.